Mashabiki Elfu Sita wa Carrbeck

Norman Oldroyd hakuamini idadi yoyote iliyoishia na sifuri. Akiambiwa watu mia tatu walihudhuria mazishi, yeye huuliza ni nani aliyewahesabu. Alipuliza filimbi kwa miaka ishirini na miwili katika raga ya wachezaji kumi na watatu, ile ambayo watu wa kaskazini ya Uingereza wanaweza kuachana na wake zao lakini si nayo. Kwa miaka hiyo yote alidanganywa kila Jumapili na watu wazima wenye matope usoni, wakiapa kwa mama zao kwamba mpira haukuwaponyoka. Filimbi ilistaafu. Machale hayakustaafu.

Kwa hiyo Ligi Kuu ilipotafuta watu watatu wa kuamua ni klabu ipi mpya iingie msimu ujao, jina lake lilikuja mapema. "Tunataka mtu asiyependwa na upande wowote," mwenyekiti wa jopo alimwambia kwenye simu, na Norman akalichukua neno hilo kama sifa.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa Philippa Wrigley, wakili wa Manchester mwenye sauti laini na kanuni ngumu. Wa pili alikuwa Dokta Rukhsana Bashir, mtaalamu wa takwimu aliyezaliwa Batley, ambaye marehemu baba yake alimbeba mabegani kwenda uwanjani kabla hajajua kutembea. Wa tatu ndiye huyu Norman wetu. Nafasi ilikuwa moja tu. Waombaji walianza tisa, na ilipofika Septemba walibaki wawili: Solhaven, klabu changa ya pwani ya kusini yenye uwanja mpya na tajiri wa mahoteli nyuma yake, na Carrbeck, klabu kongwe ya mji mdogo wa viwanda vya sufu ambavyo vilishafungwa vyote.

Solhaven walikuwa wamemtumia kila mwanajopo kikapu chenye mvinyo, jemu na kofia ya klabu. Norman alikirudisha chake siku hiyohiyo kwa gharama yake mwenyewe, na tangu hapo hakuwahi kutaja Solhaven bila kukunja pua. Lakini hata Carrbeck hawakumwacha alale vizuri. Karatasi yao ilisema wastani wa mashabiki kwa mechi ni elfu sita mia moja na arobaini.

"Elfu sita?" alisema Norman kwenye kikao cha Ijumaa, akiigonga karatasi kwa kidole. "Carrbeck nzima ina watu elfu kumi na moja, na nusu yao hawasalimiani na nusu nyingine. Hapa tunapigwa changa la macho."

"Idadi imetoka kwenye mashine, Norman," alisema Rukhsana. "Msimu huu klabu zote zina mashine za kuhesabu watu. Vishina vya tiketi tuliviacha kwa sababu kuna waliokuwa wanagawa tiketi bure kama karanga. Mashine haina ushabiki."

"Mashine imefungwa na mtu, Dokta. Na mtu ana ushabiki."

Philippa aliinua kalamu, ishara yake ya kumtaka mtu anyamaze. Akawakumbusha kanuni, ingawa wote walizijua. Klabu ikigundua kosa kwenye maombi yake na ikaandika yenyewe kabla ya Ijumaa ijayo saa sita mchana, alama zake zitahesabiwa upya bila adhabu. Kosa likifichuliwa kwanza na mwanajopo, klabu inatupwa nje na haitaomba tena kwa miaka mitano. Barua inayofika kwanza ndiyo inayohesabika, hata kama imetangulia kwa dakika moja. Na mwanajopo haruhusiwi kuzungumza na klabu faragha kuhusu maombi yake. Akifanya hivyo anaondolewa, na kila alichoandika kinafutwa.

"Tumeelewana?" aliuliza.

Waliitikia wote watatu, maana hata yeye alijiitikia.

Jumapili hiyo Norman alikwenda Carrbeck bila kumwambia mtu. Aliegesha gari mbali, karibu na kanisa lililogeuzwa duka la mazulia, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi na kulipa kiingilio chake kama watu wengine. Kofia haikumsaidia kitu.

"Oldroyd!" alipaza sauti Walt Beevers, mzee wa getini, mpaka foleni nzima ikageuka. "Leo miwani umekuja nayo?"

"Nimekuja kuangalia mechi, Walt."

"Hata mwaka ule ulikuja kuangalia mechi, kipenzi. Kilichotuuma ni kwamba hukuiangalia."

Foleni ilicheka. Mwaka ule ni mwaka wa themanini na tisa, Norman alipokataa trai, yaani bao, ya Carrbeck katika dakika ya mwisho, na mpaka leo mjini humo kuna nyumba ambazo jina lake halitajwi mbele ya watoto. Alipita akiwa na uso mkavu. Alinunua pai ya nyama na viazi na kikombe cha chai, akapanda mahali pa juu panapoonyesha uwanja mzima, akatoa kijidaftari.

Mwamuzi hujifunza kukadiria umati mapema, kwa kuwa umati huo ndio utakaomsindikiza mpaka kwenye gari lake. Norman alihesabu kwa safu, akazidisha, akarudia. Jukwaa la kusimama la upande wa Reli lilijaa pomoni. Lile la upande wa Kanisa lilikuwa na wageni wachache waliojikunyata kwenye manyunyu. Kwenye viti walikaa wazee na mablanketi yao. Jumla ilikuwa elfu tatu na mia nne, na hiyo ni kwa mtu mkarimu.

Alisikia raha. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikula pai yake taratibu, akaitazama Carrbeck yote chini yake, skafu za kijani na njano, akina mama wakimfokea mshika kibendera, na akajisemea moyoni: wezi nyie, nimewapata. Alikuwa ameshaanza kutunga taarifa kichwani, na sentensi ya kwanza ilimpendeza sana.

Kipindi cha kwanza kikaisha. Na hapo watu wa upande wa Reli, wote, na chai zao na watoto wao na kelele zao, wakaanza kutembea.

Norman aliwatazama bila kufikiri lolote, kwa sababu hapakuwa na la kufikiri. Amekua akiona hivyo. Shabiki wa raga hii anasimama nyuma ya nguzo ambazo timu yake inazishambulia, ili trai ifungwe miguuni pake. Timu zikibadilishana pande, naye anahama. Babu yake Norman alihama, na babake, na yeye mwenyewe alihama akiwa na kaptula. Kundi lile lilipita njia ya nyuma ya viti, likafika kwenye lango la jukwaa la Kanisa na kuanza kuingia. Juu ya lango palikuwa na kijisanduku cheupe, kikubwa kama mkate, chenye taa ya kijani. Taa ilikonyeza kila kichwa kilipopita chini yake.

Mkono wa Norman ulisimama na kikombe njiani. Akageuka kutazama lango la Reli. Kijisanduku kingine, mkate uleule, taa ileile. Watu hawa walikonyezwa walipoingia Reli kabla ya mechi. Sasa walikuwa wanakonyezwa tena wakiingia Kanisa, na mashine, ambayo haikuwa na babu wa kumfundisha desturi, iliwaona kuwa ni watu wapya kabisa.

Fundi aliyezifunga bila shaka alitoka kusini, ambako mtu hukaa kwenye kiti alichopewa mpaka filimbi ya mwisho. Angezifunga kwenye mageti ya nje hakungekuwa na shida. Na watu wa Carrbeck hawakumwambia, kwa sababu nani humweleza fundi kwamba yeye hupumua? Hapakuwa na wizi. Palikuwa na watu elfu mbili na mia saba wanaohama upande, na sanduku la mkate lisilojua raga.

Ukweli ni kwamba alisikitika. Sentensi yake nzuri ya kwanza ikawa haina kazi. Lakini chini ya masikitiko hayo kulikuwa na kitu kingine, aibu, na aibu ndiyo iliyomshusha ngazi baada ya mechi mpaka kwenye kiofisi kilicho chini ya viti, akijua vizuri kanuni anayoivunja.

Doreen Sugden alikuwa katibu wa klabu kwa miaka kumi na tisa, kazi isiyolipwa hata senti. Siku za wiki alisimamia jiko la shule, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushinda kelele za sufuria.

"Bwana Oldroyd," alisema bila kuinuka. "Umekuja kukagua mabomba, au tumekosa nini?"

"Funga mlango, Doreen."

Alimweleza. Doreen alicheka kwanza, kicheko cha kweli, kisha kikakatika katikati kama redio iliyochomolewa. Akaketi vizuri.

"Mungu wangu," alisema. "Tulifurahi jamani. Baba yangu miaka yote alisema tunahesabiwa pungufu, maana akina Walt walikuwa wanawarusha watoto juu ya chuma cha kuhesabia pale getini. Nilipoiona hiyo elfu sita nikasema, haya, kumbe mzee alisema kweli. Nilikwenda kumwambia makaburini, unajua? Nilimwambia kabisa."

"Siyo kosa lako."

"Ni kosa la nani basi?" Alijifuta pua kwa kiganja. "Nani mwingine anajua?"

Machale yakamcheza Norman. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nataka kujua, bwana we! Swali ni swali."

"Hakuna anayejua. Wala mimi sikuwa humu, umenielewa? Ikisikika nimekwambia, mimi nje, na jina langu takataka." Akamkumbusha kanuni ya kujisahihisha. "Andika wewe mwenyewe. Nakupa mpaka Alhamisi saa sita mchana. Ikipita hapo naandika mimi."

"Nikiandika, tunabaki na elfu tatu na kitu. Tutaingia?"

"Sijui. Dokta ndiye anayepiga hesabu."

Doreen alitazama ukuta wenye picha za timu, wanaume wenye masharubu, wanaume wasio na masharubu. "Mwenye kiwanja ameshasema tusipoingia Ligi Kuu haongezi mkataba. Anataka kujenga maduka. Miaka mia na ishirini na nane, Norman, na nitakuwa mimi niliyefunga mlango." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina la kwanza.

"Mpaka Alhamisi saa sita, Doreen. Neno langu ni neno langu."

Jumatatu aliamka na swali. Kwa nini alitaka kujua nani mwingine anajua? Mtu mwema huuliza nifanye nini. Mtu mwenye mpango huuliza nani mwingine anajua. Alilizungusha swali hilo akinyoa ndevu, akajikata. Aliishi peke yake tangu mkewe afariki, na mtu anayeishi na machale yake peke yake hana wa kumwambia hebu nyamaza.

Jumanne alipiga simu ofisi ya jopo kwa kisingizio cha kuuliza saa ya kikao. Akaongeza kama aliyekumbuka ghafla, "Hakuna barua yoyote iliyoingia, eti?" Karani alisema hakuna. Norman alishukuru na kukata simu, akasimama dirishani muda mrefu. Siku mbili nzima! Barua ya mistari mitano inachukua siku mbili? Yule mama sasa hivi yuko na kamati yake, alijiambia, wanapanga namna ya kumgeuzia kibao yeye. Watasema alikuja kuomba kitu. Au watakaa kimya tu mpaka Ijumaa ipite, halafu watamtazama machoni na kuuliza, barua gani? Alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe, kwa sababu ya huruma, yeye ambaye hakuwahi kumhurumia mtu aliyeangusha mpira.

Jumatano alasiri alijikuta kwenye gari, akielekea Carrbeck. Alijidanganya kwamba anakwenda kununua zulia. Alisimama ng'ambo ya barabara, hatua thelathini hivi kutoka geti la uwanja, na kabla hajazima injini akawaona.

Wanaume wawili walikuwa juu ya ngazi kwenye lango la Reli, ambalo lilionekana vizuri kupitia geti lililoachwa wazi. Walikuwa wanafungua skrubu. Kijisanduku cheupe kikashuka, mkono kwa mkono, mpaka kwa Doreen Sugden aliyesimama chini na boksi la kadibodi. Cha Kanisa kilikuwa kimo tayari. Doreen alilifunga boksi kwa utepe, akalibeba kifuani, akatoka nalo getini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anavyofanya yeyote anayetaka kuvuka, lakini Norman hakuiona barabara. Aliona mwizi. Doreen akavuka, boksi likaingia nyuma ya gari dogo jekundu, mlango ukabamizwa, gari likaondoka.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Wanaficha ushahidi! Kesho watasema mashine ziliharibika, zilitupwa, ziliibwa. Na yeye, mzee mzima, aliketi kwenye kiofisi kile akalainishwa na machozi ya mpishi wa shule. Alikaa pale nusu saa nzima, vioo vikiingia ukungu. Kisha alitoa simu, akaandika kwa kidole kimoja: *Mashine za Carrbeck zinahesabu watu wale wale mara mbili wanapohama upande. Idadi halisi haizidi elfu tatu na mia nne. Klabu inajua, na leo nimeiona kwa macho yangu ikiondoa mashine ili kuficha ushahidi.* Akaituma kwa Philippa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Alikwenda nyumbani akala mkate na jibini, akalala kama mtoto.

Philippa aliita kikao cha dharura Alhamisi saa nne asubuhi. Norman alifika akiwa amevaa tai. Boksi la kadibodi lilikuwa juu ya meza.

Alilitambua kwa utepe. Alijaribu kujiambia kwamba maboksi ni mengi duniani, lakini Rukhsana alikuwa ameshakitoa kijisanduku kimoja na kukiunganisha na kompyuta yake, na alikuwa anasoma namba kwa sauti ya chini.

"Tuna karatasi mbili," alisema Philippa. "Ya kwanza ni ya Norman, imefika jana saa tisa na dakika arobaini. Mnayo mbele yenu. Ya pili imeletwa kwa mkono hapa mapokezi na katibu wa Carrbeck, Bi Sugden, na imegongwa muhuri saa kumi na dakika ishirini na tano." Akaisoma. Doreen alieleza kosa lote, desturi ya kuhama, malango mawili, kila kitu. Alisema kamati iliketi Jumatatu na Jumanne usiku na wote wakakubali kwa kura. Alisema ameleta mashine zenyewe, kwa sababu kumbukumbu ya kila mechi imo ndani yake dakika kwa dakika, ili jopo lisilazimike kuamini neno la Carrbeck tupu.

Norman alilegeza tai yake.

"Kumbukumbu inaonyesha wazi," alisema Rukhsana. "Watu wanaingia saa tisa kasoro, halafu kundi zima linaingia tena wakati wa mapumziko. Ukiondoa hao, wastani ni elfu tatu mia tatu na tisini na nne." Alivua miwani. "Nimezipiga alama upya jana jioni na tena leo asubuhi. Shule yao ya vijana na timu yao ya wanawake zinawabeba. Hata kwa idadi hiyo, Carrbeck wako mbele ya Solhaven kwa robo alama."

"Wangekuwa mbele," alisema Philippa. "Lakini taarifa ya mwanajopo imetangulia kwa dakika arobaini na tano. Sipendi, Rukhsana, usinitazame hivyo. Kanuni ndiyo kanuni. Carrbeck wako nje kwa miaka mitano."

"Miaka mitano hawatakuwepo," alisema Rukhsana.

"Najua."

Norman alitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa mikono iliyowahi kuonyesha trai na kukataa trai mbele ya maelfu, na haikuwahi kurudi nyuma hata mara moja. Mwamuzi harudi nyuma. Akishapuliza, amepuliza, hata kama moyoni anajua. Aliishi kwa hilo na jina lake lilisimama juu ya hilo. Watu walimchukia, lakini hakuna aliyewahi kusema Oldroyd ananunulika.

"Ifuteni yangu," alisema.

"Huwezi kuondoa taarifa, Norman. Imeshaingia."

"Sisemi niiondoe. Nasema ifutwe. Mwanajopo aliyezungumza na klabu faragha, kila alichoandika kinafutwa. Ulitusomea mwenyewe. Bi Sugden nilimwambia mimi. Jumapili, ofisini kwake, mlango umefungwa. Nilimpa mpaka leo saa sita mchana. Halafu sikungoja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Rukhsana aliinama juu ya kompyuta yake kama aliyepoteza kitu. Philippa aliweka kalamu chini polepole, na alipozungumza sauti laini ilikuwa imeondoka.

"Unamwonya katibu kwa siri. Halafu unaiandikia klabu mabaya. Halafu unaiokoa." Alimtazama moja kwa moja. "Walikupa nini, Norman? Na kwa nini mlikosana?"

"Hawakunipa kitu."

"Mtu hafanyi hivi bure."

Kama angekuwa amekaa kwenye kile kiti kingine, Norman mwenyewe asingeamini. Alisimama, akachukua koti lake, akasahau mwavuli. Hakuna aliyemwita.

Ijumaa ilitangazwa kwamba Carrbeck wameingia Ligi Kuu na kwamba Bwana N. Oldroyd ameondolewa kwenye jopo kwa kuvunja kanuni za mawasiliano. Magazeti yaliziweka habari hizo mbili jirani kwenye ukurasa mmoja na kumwachia msomaji kazi iliyobaki, ambayo haikuwa ngumu.

Jumamosi alikwenda Carrbeck kuomba radhi. Mitaa ilikuwa na bendera za kijani na njano kwenye madirisha. Getini Walt Beevers alimuona, akatupa mikono hewani na kumkumbatia mbele ya watu, mzee ambaye hakuwahi hata kumpa mkono.

"Hatukudhani una bei, kipenzi," alimnong'oneza sikioni, akimkonyeza. "Na hata sitaki kujua ni kiasi gani. Ubarikiwe."

"Walt, hakuna aliyeninunua."

"Ndiyo hivyohivyo. Kaza hapohapo."

Wanaume wawili waliokuwa wakipaka rangi ukuta waliinua brashi zao kumsalimu. Mmoja alimwahidi bia. Norman alipita katikati ya shukrani hizo, akashuka mpaka kiofisini.

Doreen alikuwa peke yake, akiandika bahasha. Hakumwambia akae.

"Huko nje wote wanasema nilikununua," alisema. "Nimekanusha mpaka nimechoka. Wanadhani nafanya mzaha."

"Nimekuja kusema samahani."

"Nilikuwa barabara kuu, Norman. Mvua, malori, boksi nyuma, na mimi naendesha kama kichaa nifike kabla hawajafunga. Nilikuwa naimba, unajua? Nilikuwa najiambia, afadhali nimesema, potelea mbali tuingie tusiingie. Na wakati huohuo wewe unaandika kwamba nimeficha." Aliweka kalamu chini. "Walinionyesha. Yule wakili alinisomea yote."

"Nilikuona na boksi. Nilidhani..."

"Uliniona ukiwa wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Kwenye gari."

Doreen alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Norman kabisa. Alionekana kama mtu anayejaribu kuelewa kitu kidogo, cha kawaida.

"Hapo ng'ambo?" aliuliza. "Nilitazama pande zote mbili kabla ya kuvuka. Ungeshusha kioo tu, Norman. Ungeniuliza unakwenda wapi, ningekwambia."

Alingoja kidogo, kama kweli anataka kusikia kwa nini. Kisha akarudi kwenye bahasha zake.